Jiwe Likishatoka Mkononi

Mwaka 1936 Akademia ya Sayansi ya Prussia ilimtuma Roma mtafiti wa kike aitwaye Anneliese Maier akatafute barua za mwanafalsafa Leibniz. Leibniz aliandikiana na watu kote Ulaya, na Akademia ilikuwa imejitwika kazi ya kukusanya na kuchapa kila kilichotoka kwenye kalamu yake, kazi ambayo hata leo haijakwisha. Maier alikuwa na miaka 30. Alitakiwa apekue maktaba, anakili, arudi Berlin. Lakini Roma ikawa makazi yake hadi alipofariki humo tarehe 2 Desemba 1971, na katika miaka hiyo aliandika vitabu vilivyowalazimisha wanahistoria wa sayansi kuisoma upya karne ya 14.

Alizaliwa Tübingen, kusini mwa Ujerumani, tarehe 17 Novemba 1905. Baba yake, Heinrich Maier, alikuwa profesa wa falsafa aliyejulikana kwa utafiti wake juu ya mantiki ya Aristotle, na kazi yake iliihamisha familia kutoka mji hadi mji: Göttingen, Heidelberg, na hatimaye Berlin mwaka 1922. Binti alisoma fizikia na hisabati pamoja na falsafa, na mchanganyiko huo ndio uliomfaa maisha yake yote. Wanafalsafa wengi wa rika lake wangeweza kumsoma Aristotle lakini wasingeweza kufuatilia mlinganyo wa mwendo. Wanafizikia waliuweza mlinganyo lakini Kilatini cha kitheolojia kiliwashinda. Yeye aliviweza vyote viwili. Mwaka 1930 alipata udaktari kwa tasnifu juu ya Kant. Miaka mitatu baadaye baba yake alifariki, huku sehemu ya kitabu chake kikubwa ikiwa bado haijachapwa, na Anneliese ndiye aliyeyaandaa maandishi yaliyosalia hadi yakafika mitamboni. Naamini uvumilivu wa kushughulika na karatasi za mtu asiyeweza tena kuulizwa chochote aliupata hapo.

Mwaka huohuo wa 1933 Hitler alishika madaraka. Utawala wa Wanazi ulimtaka mwanamke awe mama na mke, na uliwabana wanawake hata kuingia chuo kikuu, achilia mbali kufundisha humo. Msomi wa kike aliyeanza kazi Ujerumani wakati huo aliiona milango ikifungwa mmoja baada ya mwingine. Safari ya Roma ilimfungulia mlango ambao nyumbani haukuwepo.

Kitabu chake cha mwanzo chenye uzito kilitoka mwaka 1938, nacho kilihusu karne ya 17. Aliuliza ilikuwaje wasomi wa Ulaya wakaacha kuuona ulimwengu kama mahali penye rangi, joto na harufu, wakaanza kuuona kama mashine ya vipande vinavyosukumana, huku rangi na joto vikibaki hisia tu ndani ya anayeona. Alipokuwa akilichimba swali hilo, aligundua kwamba watu wa karne ya 17 walikuwa wakigombana na mtu ambaye yeye hakumjua. Descartes na Galileo waliwashambulia wasomi wa vyuo vya Zama za Kati, lakini wasomi hao walisema nini hasa? Vitabu vya historia vilijibu kwa sentensi mbili tatu, kisha vikaendelea na safari. Maier aliona kwamba huwezi kuuelewa ugomvi kwa kumsikiliza mshindi peke yake. Basi akarudi nyuma miaka 300, na katika maktaba ya Vatican majibu yalikuwa yamelala kwenye miswada iliyoandikwa kwa mkono.

Mtu mmoja alikuwa amemtangulia katika njia hiyo. Pierre Duhem, mwanafizikia Mfaransa aliyefundisha Bordeaux na kufariki mwaka 1916, alifuatilia vyanzo vya Leonardo da Vinci na kukutana na walimu wa Paris wa karne ya 14 waliokuwa wamesahaulika kabisa. Alifurahi kama mtu aliyefukua hazina shambani kwake. Kabla yake ilifundishwa kwamba Zama za Kati zilikuwa giza, kisha Galileo akawasha taa. Duhem alidai taa iliwaka mapema zaidi, hata akautaja mwaka: 1277, pale Askofu Étienne Tempier wa Paris alipoyapiga marufuku mafundisho 219, mengi yakiwa yametoka kwa Aristotle na wafafanuzi wake Waarabu. Kwa maoni ya Duhem, marufuku hiyo iliwafungua wasomi minyororo ya Aristotle, na walimu wa Paris waliofuata wakawa watangulizi wa Galileo.

Ushahidi wake mkubwa ulikuwa jiwe lililorushwa. Aristotle alifundisha kwamba kila kinachokwenda kinaendeshwa na kitu kingine. Farasi huvuta gari; farasi akisimama, gari nalo husimama. Lakini rusha jiwe. Mkono umeliachia na bado linakwenda. Nani analiendesha? Aristotle alijibu kwamba mkono huitikisa pia hewa, na hewa hiyo hulisogeza jiwe mbele hatua kwa hatua mpaka nguvu iishe. Jibu hilo liliwakera watu tangu zamani. Philoponus wa Aleksandria alilikataa katika karne ya 6. Ibn Sina aliandika kwamba mrushaji hukiachia kitu mwelekeo fulani ndani yake, na kwamba mwelekeo huo hupungua kwa sababu tu ya upinzani wa nje. Katika karne ya 14, Jean Buridan wa Paris aliishambulia hewa ya Aristotle kwa mifano ya vitu vya kila siku. Jiwe la kunolea la mhunzi huendelea kuzunguka palepale lilipo, bila kuacha nafasi ambayo hewa ingeingia kusukuma. Mkuki uliochongwa ncha mbili hauna mgongo wa kusukumwa na hewa, lakini hurushwa na kwenda. Mashua ikivutwa kwa nguvu kukabili mkondo wa mto, kisha kamba ikaachwa, husonga bado kidogo, na baharia aliyesimama juu yake hasikii upepo mgongoni, anausikia usoni. Kwa hiyo, alisema Buridan, anayerusha huweka ndani ya kitu nguvu aliyoiita impetus, kubwa zaidi kadiri kitu kilivyo na maada nyingi na kadiri kinavyokwenda kasi. Akaongeza kwamba huenda Mungu alizipa nyota nguvu hiyo siku ya kuumba, nazo zikaendelea kuzunguka bila malaika wa kuzisukuma.

Msomaji wa leo aliyesoma fizikia ya sekondari anaruka kitini: hiyo si ndiyo inesha ya Newton, na maada mara kasi si ndio momenta? Duhem naye aliruka. Maier alikaa, akasoma tena.

Alichokiona kinahitaji utulivu kukifuata. Katika fizikia ya Newton, kitu kinachokwenda kwa kasi ileile kwenye mstari ulionyooka hakihitaji sababu yoyote ya kuendelea kwenda. Kinachohitaji sababu ni badiliko: kuongeza kasi, kupunguza, kugeuka. Mwendo wenyewe ni hali, sawa na kutulia. Buridan hakufika hapo, na Maier alionyesha kwamba asingeweza kufika kwa njia aliyoishika. Kwake mwendo bado ulidai mwendeshaji kila nukta ya wakati. Alichofanya ni kumtoa mwendeshaji hewani na kumwingiza ndani ya jiwe. Impetus ni mwendeshaji aliyepanda gari, na sheria ya Aristotle kwamba kila kinachokwenda kinaendeshwa imebaki imesimama, tena imara kuliko mwanzo, maana sasa imepona jeraha lake baya zaidi. Tena Buridan aliitumia nguvu hiyohiyo kueleza mzunguko wa nyota, jambo ambalo inesha hailiruhusu hata kidogo, kwa kuwa mwendo wa mviringo ni kugeuka kusikokoma.

Hapo ndipo ninapompendea Maier. Alikuwa na kila kishawishi cha kukubaliana na Duhem. Yeye naye aliwapenda wasomi wale, aliwatumikia usiku na mchana, na kuwaita wagunduzi wa fizikia mpya kungewapa utukufu mbele ya umma. Alikataa, kwa sababu sifa hiyo ingewanyang'anya mawazo yao wenyewe. Buridan akigeuzwa Newton asiyekomaa, Buridan anapotea. Anabaki mtoto wa darasa la chini anayesifiwa kwa kukaribia jibu. Akiachwa alivyo, tunakutana na mtu mzima aliyelitatua tatizo halisi la zama zake kwa werevu mkubwa. Kitabu alichokitoa mwaka 1949 Maier alikiita cha watangulizi wa Galileo katika karne ya 14, na msomaji anayekifungua akitarajia kuwakuta watangulizi anaonyeshwa, ukurasa baada ya ukurasa, kwa nini jina hilo linawabana.

Kitabu hicho kilikuwa cha kwanza kati ya vitano juu ya falsafa ya maumbile ya mwishoni mwa Zama za Kati, vilivyochapwa Roma kwa Kijerumani kati ya 1949 na 1958 na shirika la uchapaji lililoanzishwa na padre Giuseppe De Luca. Si vitabu vyepesi. Kurasa zimejaa Kilatini kilichonakiliwa neno kwa neno, kwa sababu maandiko anayoyajadili hayakuwa yamechapwa popote, na alitaka msomaji aweze kumkagua.

Na hapa inafaa tuseme kazi yenyewe ilikuwa ya namna gani. Muswada wa falsafa wa karne ya 14 mara nyingi hauna jina la mwandishi wala tarehe. Umeandikwa kwenye ngozi au karatasi kwa herufi zilizobanana, na karibu kila neno limefupishwa: alama ndogo juu ya herufi huweza kusimama badala ya silabi mbili. Maandishi mengine ni ya mwanafunzi aliyeandika alichokisikia darasani, pengine akiwa amesikia vibaya. Kurasa za mwanafalsafa mmoja zinaweza kujalidiwa pamoja na za mwingine bila onyo lolote. Mtafiti anaingia humo akitafuta mawazo juu ya mwendo, lakini hayapo chini ya kichwa cha habari cha mwendo.

Mfano bora ni Francis wa Marchia, Mfransisko aliyefundisha Paris mwaka wa masomo 1319 hadi 1320. Kila mwanatheolojia wa enzi hiyo alilazimika kukifafanua kitabu cha Sentensi cha Peter Lombard, na Francis alifikia kitabu cha nne, kinachohusu sakramenti. Akauliza: je, ndani ya sakramenti mna nguvu fulani iliyowekwa humo, au Mungu hutenda moja kwa moja kila mara inapotolewa? Ili kuona kama kitu kinaweza kuachiwa nguvu na kitu kingine, aliligeukia jiwe lililorushwa, akaeleza kwa kirefu kwamba mkono huliachia nguvu ya muda ambayo hunyauka yenyewe taratibu. Hiyo ni nadharia kamili ya mwendo, katika mihadhara ya kitaalamu juu ya ubatizo na ekaristi, miaka mingi kabla ya maandishi ya Buridan tuliyonayo. Maier aliyachapa maandiko hayo na kuonyesha uzito wake. Mwanahistoria anayepekua tu vitabu vya fizikia vya wakati huo angepita mbali nayo.

Jambo hilohilo lilitokea kwa upendo. Lombard aliuliza kama upendo ambao Roho Mtakatifu huutia moyoni mwa mtu unaweza kuongezeka. Wanafunzi wa kizazi kimoja baada ya kingine walijibu, na kwa kujibu walilazimika kueleza sifa isiyo na urefu wala upana inawezaje kuwa nyingi au chache. Je, upendo mkubwa ni upendo mdogo uliojumlishwa na mwingine? Na joto je? Na weupe? Kutoka hapo wasomi wa Merton College, Oxford, walianza kukokotoa kasi inayoongezeka sawasawa, na Nicole Oresme wa Paris akachora maumbo yanayoonyesha jinsi sifa inavyopanda na kushuka, michoro ambayo mtu wa leo angeiita grafu. Kitabu cha Maier juu ya tatizo hili kilitoka mwaka 1939.

Lakini grafu za Oresme hazina kipimo hata kimoja ndani yake. Hakuna aliyechukua kamba wala saa ya maji. Kwa nini watu wenye akili kali kiasi kile, waliojadili kasi mara mbili na joto mara tatu, hawakupima chochote? Jibu la Maier ndilo sehemu ya kazi yake ninayoirudia mara nyingi kuliko nyingine. Wasomi hao, alisema, waliamini kwamba ulimwengu umeumbwa kwa idadi, kipimo na uzito, na kwamba kipimo cha kweli ni kile kilicho sahihi kabisa, bila pungufu. Kipimo cha namna hiyo kiko kwa Mungu; binadamu hakifikii. Na kwa kuwa hakifikii, hawakuona maana ya kuanza. Galileo na waliomfuata walikubali kupima kwa takribani. Galileo aliyapima maji yaliyotiririka wakati mpira ukiviringika kwenye mteremko, akaridhika na kosa dogo, akaendelea. Kwa mujibu wa Maier, sayansi yenye vipimo makini iliwezekana siku watu walipoacha kudai ukamilifu. Sijui hoja nyingine ya historia ya sayansi inayowaheshimu zaidi wale walioshindwa: walikwama kwa kuwa na kiwango cha juu kupita kiasi cha maana ya kujua.

Vita Kuu ya Pili ya Dunia vilimkuta Roma. Mwaka 1943, kitabu chake kuhusu mpaka kati ya falsafa ya vyuo na sayansi ya maumbile kilichapwa Essen, na mwaka huo huo yeye, aliyelelewa Mprotestanti, aliingia Kanisa Katoliki. Mnamo Septemba majeshi ya Ujerumani yaliikalia Roma, yakabaki hadi Juni 1944. Vita vilipokwisha hakurudi kwao. Katika maktaba ya Vatican alikuwa na watu waliomthamini, akiwemo Kardinali Giovanni Mercati na Auguste Pelzer, mtaalamu wa miswada kutoka Ubelgiji, na hapo akapewa kazi ya kuandaa orodha ya miswada ya Borghese.

Kuorodhesha miswada husikika kama kazi ya karani. Kwa mkusanyiko huu ilikuwa upelelezi. Vitabu vya Borghese vilinunuliwa na Vatican mwaka 1891, lakini asili ya vingi ilikuwa maktaba ya mapapa walipokaa Avignon katika karne ya 14. Yaani ni vitabu vilevile vilivyosomwa na watu Maier aliokuwa akiwasoma. Orodha yake ilitoka mwaka 1952. Katika kazi hiyo alizitambua pembeni mwa kurasa alama za kalamu ya Papa Yohane XXII mwenyewe. Papa huyo aliitikisa Ulaya kuanzia 1331 alipohubiri kwamba roho za watakatifu hazimwoni Mungu uso kwa uso mpaka siku ya hukumu, na wanatheolojia wakamjia juu. Kuwa na maelezo aliyoandika kwa mkono wake ni kumwona mzee wa zaidi ya miaka 80 akiwasoma wataalamu na kubishana nao pembeni mwa ukurasa.

Heshima zilikuja, japo taratibu. Akademia za Ujerumani zilimwandika mwanachama mmoja mmoja, na mwaka 1951 alipata cheo cha profesa. Mwaka 1966 alipewa Medali ya George Sarton, tuzo kubwa kuliko zote katika historia ya sayansi. Miongo minne baada ya kifo chake Taasisi ya Alexander von Humboldt iliita kwa jina lake tuzo ya watafiti wa masomo ya binadamu na jamii. Makala zake zilizotawanyika zilikusanywa katika majuzuu matatu. La tatu lilitoka mwaka 1977, yeye akiwa hayupo. Wasiojua Kijerumani walisubiri hadi 1982 kupata uteuzi mdogo kwa Kiingereza.

Wapo waliompinga, na wana hoja. Alimkemea Duhem kwa kuwapima watu wa karne ya 14 kwa fimbo ya Newton, lakini swali lake juu ya vipimo linatumia fimbo hiyohiyo: kuuliza kwa nini hawakupima ni kuchukulia kwamba walipaswa kupima. Watafiti waliofuata, wakiwemo John Murdoch na Edith Sylla, waligeuza macho waone wasomi hao walikuwa wakifurahia nini hasa, na wakakuta mchezo mkali wa mantiki: mipaka, mfululizo, ukomo, maana ya maneno “huanza” na “huisha”. Kwa wanamantiki wa Oxford kasi ilikuwa uwanja wa mazoezi, na hakuna aliyekusudia kwenda nje kurusha jiwe. Mimi nafikiri wakosoaji hao wako sahihi kuhusu Oxford, na kwamba Maier anabaki sahihi kuhusu Paris, ambako Buridan alimtaka kweli baharia wake ausikie upepo usoni. Ubishi huo bado unaendelea, na fafanuzi nyingi za Sentensi hazijachapwa mpaka leo. Anayetaka kuushiriki ataanza na tanbihi za Maier, ambamo kila hoja imefungwa kwa namba ya muswada na ya ukurasa wake, mbele na nyuma.